Operesheni ya Mtoto wa Jicho na Nuru ya Leza

Habari ya leza imeenea sana siku hizi katika mji wetu wa Kindu, huku Kasuku na Mikelenge, na hata ng'ambo ya mto katika Alunguli. Mmoja ameisikia katika redio, mwingine ameiona katika simu ya mtoto wake, ya kuwa katika miji mikubwa munganga huelekeza nuru katika jicho, na mtu aliyekuwa haoni vizuri anaona. Hapana kisu, hapana damu, hapana kulala hospitalini. Basi mzee mwenye mtoto wa jicho akisikia hayo anasema, "Kisu sitaki. Nitangoja leza." Anangoja mwaka mmoja, anangoja wa pili, na mjukuu wake mwenye miaka 8 anashika ncha ya fimbo yake tangu asubuhi hata jioni, wala haendi shuleni.

Kwa hiyo twataka kusema neno hili kabla ya mengine yote. Leza haiondoi mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa mkono wa munganga, katika Maniema sawasawa na katika Ulaya. Leza ina kazi yake, tena ni kazi nzuri, lakini kwa mtu wa mtoto wa jicho kazi hiyo huja baada ya operesheni, wala si kwa kila mtu. Anayengoja leza kabla ya operesheni ni kama mtu anayengoja masua penye njia ya treni.

Kitu gani kinachoharibika

Jicho ni kama chumba chenye dirisha moja. Mbele kabisa kuna kioo kinachong'aa, ambacho kope hukipangusa kila mara. Nyuma ya kioo hicho kuna tundu jeusi katikati, ndilo mboni. Nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu kidogo karibu sawa na punje ya mahindi, safi kama maji, kilichofungwa ndani ya mfuko mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Nuru hupita katika lenzi, nayo lenzi huikusanya iangukie ukuta wa nyuma wa jicho. Ukuta huo hupokea picha na kuipeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa mmoja. Uukumbuke ule mfuko mwembamba, kwa maana tutaurudia.

Sasa fikiri yai. Ukilivunja bichi, ute wake ni kama maji, waweza kuona kidole chako ndani yake. Ukilichemsha, ute unakuwa mweupe na kidole hakionekani tena. Je, ukilitia yai lile katika maji baridi, ute utarudi kuwa safi? Hautarudi. Ndivyo ilivyo lenzi ya mtu aliyeshikwa na mtoto wa jicho. Imegeuka kuwa nyeupe, na hapana dawa ya kunywa wala ya kutia jichoni iwezayo kuirudisha. Si laana, si kijicho cha jirani, wala mtu hakurogwa. Mara nyingi ni uzee tu. Isaka naye macho yake yalififia katika uzee wake, hata hakumtambua mwana aliyesimama mbele yake. Lakini wengine hushikwa wakiwa vijana: kwa sababu ya pigo katika jicho, au ugonjwa wa sukari, au dawa fulani zilizotumiwa siku nyingi bila kuangaliwa na munganga. Watoto wengine huzaliwa nao.

Mtoto wa jicho hauumi. Ukungu unaingia pole pole, taa ya usiku inatoa miali mingi, jua la mchana linasumbua. Mwishoni mboni yenyewe inaonekana nyeupe. Kama jicho ni jekundu na linauma, huo ni ugonjwa mwingine, usikae nao nyumbani hata siku moja. Na ile nyama ndogo inayoota kutoka pembe ya jicho kuelekea katikati si mtoto wa jicho, ingawa watu wengi huiita hivyo.

Twajua ya kuwa kabla ya kuja hospitalini wengi wamekwisha kutiwa maji ya majani, au mkojo, au maziwa ya mama. Hatuwachekei, kwa maana mtu aliye gizani hushika kila mkono unaonyoshwa. Lakini dawa hizo hazifiki kwenye lenzi, iliyo ndani. Zinafika kwenye kile kioo cha mbele tu, nazo zaweza kukichubua na kukitia kidonda. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na hapo hata operesheni nzuri kabisa ya lenzi itakuwa kama kutengeneza chumba ambacho dirisha lake limepakwa chokaa.

Kungoja sana nako kuna hatari. Lenzi iliyoiva kupita kiasi yaweza kuvimba, au kuvuja ndani ya jicho. Hapo presha ya jicho inapanda, jicho linauma sana pamoja na kichwa na kutapika, na mshipa wa nyuma unakufa. Lenzi yaweza kubadilishwa, lakini mshipa huo hapana mtu awezaye kuubadilisha.

Siku ya kupimwa

Munganga hatakimbilia kisu. Kwanza atakuonyesha alama ukutani uone ni ipi unayoitambua. Atapima presha ya macho, presha ya damu na sukari. Kisha atawasha tochi mbele ya jicho lako na kuuliza, "Nuru inatoka wapi?" Hili ni swali kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu mwenye mtoto wa jicho tu, hata kama haoni uso wa mkewe, ataonyesha kwa kidole mahali nuru inapotoka. Kama haoni nuru kabisa, ukuta wa nyuma au mshipa umekwisha kuharibika.

Hapa katika Maniema jambo hili latupasa kulisema kwa uwazi, kwa sababu tuna ugonjwa wa upofu wa mtoni, unaoletwa na wale inzi weusi wadogo wanaouma karibu na maji yaendayo kwa kasi. Ugonjwa huo huharibu kioo cha mbele na ukuta wa nyuma pia. Ulioharibika hivyo haurudi kwa operesheni wala kwa leza. Ulinzi wake ni dawa ya Mectizan inayogawanywa vijijini. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa wote wanaoihitaji. Basi munganga akimwambia mzee, "Operesheni haitakusaidia," hamdharau, wala hatafuti franka zaidi. Anamwambia kweli.

Mweleze munganga dawa zote unazokunywa, hasa za mkojo kwa wanaume wazee, kwa maana nyingine huilegeza mboni wakati wa operesheni. Mweleze kama una kikohozi. Kitatibiwa kwanza, maana kikohozi kimoja kwa saa mbaya chaweza kuharibu kazi. Jicho litapimwa urefu wake kwa kifaa kidogo ili lenzi mpya ichaguliwe ya nguvu inayolifaa. Hapana uchungu.

Siku ya operesheni

Oga, nawa uso kwa sabuni, vaa nguo safi. Muuguzi atakutia matone ya kuipanua mboni, mara nyingi, mpaka utachoka naye. Kisha utapigwa sindano kando ya jicho. Hiyo utaisikia, hatutakudanganya, lakini baada ya dakika chache jicho lote linakuwa zito na halisikii kitu. Hulali usingizi. Uso utafunikwa na kitambaa chenye tundu moja, na hewa ya kupumua utapata. Utaona nuru kubwa, na labda rangi zinazoelea, na kusikia waganga wakizungumza. Kazi yako ni moja, kutulia. Ukitaka kukohoa au ukiona unabanwa na mkojo, sema kwa mdomo kwanza, usigeuze kichwa.

Munganga atafungua njia ndogo katika weupe wa jicho, ya milimeta 6 au 7 hivi. Imekatwa kwa mshazari, kama mlango unaojifunga wenyewe, na mara nyingi haihitaji uzi. Kwa njia hiyo atafungua uso wa mbele wa ule mfuko mwembamba, atoe lenzi iliyoharibika, na kuweka lenzi mpya ndani ya mfuko uliobaki. Kwa mkono uliozoea, kazi yote huisha katika dakika 10 hadi 20. Mtu mmoja atakuambia, "Lakini Ulaya wanatumia leza hata hapa." Ni kweli, hospitali nyingine za nchi tajiri zina leza ya kukata ile njia na kuupasua mfuko. Hata hivyo lenzi yenyewe bado munganga huitoa kwa vyombo vyake. Nao watafiti walipolinganisha njia hizo mbili hawakukuta ya kuwa wagonjwa wa leza wanaona vizuri zaidi. Operesheni ya kisu kidogo, isiyohitaji mashine kubwa, si operesheni ya maskini. Katika Nepal munganga Sanduk Ruit na wenzake wameifanya kwa watu wa vijiji vya milimani wasiohesabika, na hospitali yao ya Tilganga, iliyofunguliwa Kathmandu mwaka 1994, hutengeneza lenzi kwa bei ndogo.

Wengi huuliza, lenzi mpya imetengenezwa kwa kitu gani? Je, ni jicho la mtu aliyekufa, au la mbuzi? Hapana. Wakati wa vita ya pili ya dunia, munganga Mwingereza, Harold Ridley, aliwatibu marubani wa ndege ambao vipande vya dirisha la ndege viliwaingia machoni. Madirisha hayo hayakuwa ya kioo bali ya plastiki ngumu, na Ridley aliona ya kuwa vipande vile vilikaa ndani ya jicho bila kuliwasha. Akawaza: kama plastiki hii yakaa kwa amani, kwa nini nisitengeneze lenzi kwa plastiki hii hii? Mwezi wa 11 mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas mjini London, alianza kuitumia. Waganga wengi wakubwa walimpinga, na miaka mingi ilipita kabla hawajakubali. Kabla ya hapo, na kwetu Afrika hata muda mrefu baadaye, mtu aliyetolewa lenzi alipewa miwani minene kama chini ya chupa. Siku miwani ilipoangukia jiwe, upofu ulirudi. Tena mgonjwa wa zamani alilazwa chali siku nyingi, mifuko ya mchanga kando ya kichwa asigeuke. Kama mzee wenu amekusimulia hayo, hakusema uongo, lakini ni habari za zamani. Wewe utasimama na kutembea siku ile ile.

Baada ya operesheni

Kesho yake muuguzi ataondoa kitambaa. Wengine huona vizuri saa ile ile na kulia machozi. Wengine huona ukungu siku kadhaa, kwa sababu jicho lilichoka. Usilinganishe jicho lako na la jirani wa kitanda cha pili. Utasikia kama mchanga jichoni, nayo si ajabu. Rangi zitakuwa kali, na nguo nyeupe itaonekana kama ina buluu ndani yake. Lenzi ya zamani ilikuwa imekuwa ya manjano, nawe ulikuwa ukiangalia dunia kama kupitia chupa ya mawese.

Sasa sikiliza vizuri, maana operesheni ya munganga imekwisha, yako inaanza. Macho yanayoharibika baada ya kazi nzuri mara nyingi huharibika nyumbani, si mezani.

Matone utapewa, ya kuzuia vijidudu na ya kutuliza uvimbe. Mara nyingi hutumiwa wiki 4 hadi 6, kwanza mara nyingi kwa siku, kisha kupunguzwa kama ilivyoandikwa katika karatasi yako. Nawa mikono kwa sabuni kila mara. Inua uso, vuta kope ya chini kwa kidole iwe kama kijiko kidogo, tia tone moja. Ncha ya chupa isiguse kope wala kidole. Fumba jicho dakika 2 bila kulikamua. Ukiwa na dawa mbili, ngoja dakika 5 kati ya moja na nyingine. Dawa iliyobaki usimpe jirani mwenye macho mekundu, wala usiiweke kwa ajili ya mwaka ujao. Ile ya kutuliza uvimbe, ikitumiwa bila kuangaliwa, hupandisha presha ya jicho na kumfanya mtu kipofu kimya kimya.

Usisugue jicho. Usiku funga kile kikombe cha plastiki ulichopewa, kwa maana mkono wa mtu aliyelala haujui sheria. Lala chali, au ubavu wa upande usiofanyiwa kazi.

Mama, kwa mwezi mmoja usitwange mpunga wala sombe, wala usipepete. Maganda ya mpunga yanaruka, na moshi wa jikoni unawasha. Hapa ndipo twawaomba waume na wana wakubwa wasaidie. Mama aliyerudi kutoka hospitalini mwenye jicho jipya, akakuta mtungi mtupu na moto umezimika, atafanya nini? Atainama apulize moto. Bidoni la maji la lita 20 lisiwe kichwani mwake wala mkononi mwake mwezi huo. Baba mvuvi, wavu utangoja, na kuzamisha kichwa katika Lualaba kutangoja vilevile. Kuoga mwili hakukatazwi, ila maji yasiingie jichoni. Uso upanguse kwa kitambaa safi kilicholowa. Kama njia yako ni ya pikipiki na vumbi, vaa miwani ya jua. Katika sala, keti. Mungu amsikia mtu aliyeketi kitini kama yule aliyeinamisha paji la uso chini, nao ndugu zetu Waislamu, walio wengi katika Maniema, wana ruhusa katika dini yao ya kusali wakiwa wamekaa wakati wa ugonjwa.

Chakula hapana mwiko. Kula samaki, kula mayai, kula sombe pamoja na mawese. Anayekuambia kwamba nyama itaozesha jicho lako anataka kuila yeye.

Jambo la kuogopa ni hili. Jicho lililofanyiwa kazi hupaswa kuwa bora kila siku. Kama lilikuwa limeanza kuona kisha linafifia, kama uchungu unaongezeka badala ya kupungua, kama wekundu unazidi, au usaha unatoka na kope inavimba, vijidudu huenda vimeingia ndani ya jicho. Mara nyingi hutokea katika wiki ya kwanza. Usingoje Jumatatu. Usingoje nauli itoke kwa shemeji. Njoo siku hiyo hiyo, hata usiku, maana saa chache zaweza kuamua kama jicho litaokoka. Kwa sababu hiyo watu wanaotoka mbali, Punia au Pangi au Kasongo, twawaomba wakae Kindu kwa jamaa wiki ile ya kwanza. Barabara zetu mwazijua.

Miwani ya kusomea hupimwa baada ya wiki 6 hivi, jicho likiisha kutulia. Lenzi mpya haijui kujikunja kama ya kijana, kwa hiyo watu wengi huona mbali vizuri, lakini herufi za Biblia zinawashinda. Hiyo si hasara ya operesheni.

Pazia likirudi

Miezi imepita, labda miaka 2 au 5. Mzee alikuwa akijitembeza sokoni mwenyewe na kuhesabu franka zake. Sasa anaanza kusema, "Ukungu umerudi." Nyumbani watu wanatazamana. Mmoja anasema munganga alifanya kazi mbovu. Mwingine anasema kuna mtu ambaye hakufurahi kumwona mzee akiona. Familia nyingine zimegombana kwa jambo hili, nalo halikuwa na mkosaji.

Ukumbuke ule mfuko mwembamba. Lenzi mbovu ilitoka, lenzi mpya ikawekwa ndani ya mfuko, na uso wa nyuma wa mfuko uliachwa kwa makusudi ili uishike lenzi mpya. Mbegu ndogo sana za mwili zilizobaki pembeni huota na kutambaa juu ya uso ule, ukawa mzito kama kioo cha dirisha chenye mvuke. Hutokea kwa watu wengi, hata kazi ikiwa nzuri. Kwa watoto hutokea upesi sana, kwa hiyo kwa mtoto mdogo munganga huufungua uso huo tangu operesheni ya kwanza. Mtoto wa jicho haukurudi, wala hauwezi kurudi, kwa kuwa lenzi iliyougua haimo tena.

Hapa sasa ndipo leza inapopata kazi yake.

Leza ni nuru. Nuru ya taa huenda kila upande, kama watu wanaotoka sokoni. Nuru ya leza ina rangi moja na hatua moja, kama askari wanaotembea kwa ngoma, kwa hiyo yaweza kukusanywa mahali padogo kuliko ncha ya sindano. Mmarekani Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza mwaka 1960. Karibu mwaka 1980 Danièle Aron-Rosa katika Ufaransa na Franz Fankhauser katika Uswisi waliitengeneza ile inayofungua mfuko wa lenzi. Ziko leza nyingine. Moja huchonga kioo cha mbele ili kijana asivae miwani. Hiyo ndiyo inayotangazwa sana, na kwa maoni yetu miwani mizuri yamtosha. Nyingine huzuia damu katika macho ya wenye ugonjwa wa sukari, nyingine husaidia namna fulani za presha ya macho. Kila moja ina mashine yake, basi usishangae kuambiwa, "Leza tunayo, lakini si ya ugonjwa wako."

Mashine hizi hazipo kila mahali, nazo hupenda umeme usiokatika. Kabla ya kununua tiketi ya ndege kwenda Kinshasa, onana na munganga wa macho aliye karibu. Kwanza ahakikishe ni mfuko kweli wala si presha au sukari. Pili, pasipo leza, munganga aliyezoea aweza kuufungua mfuko kwa sindano nyembamba, kama ilivyofanywa kabla ya leza kuwako.

Ukiipata leza, siku yenyewe ni fupi. Utatiwa matone ya kuipanua mboni na ya kulifanya jicho lisisikie. Utaketi kitini, kidevu juu ya kishikizo, paji la uso limeegemea mkanda. Labda munganga ataweka kioo kidogo juu ya jicho ili lisipepese. Utaona nuru ndogo nyekundu. Hiyo ni ya kulenga tu. Kisha utasikia mlio mdogo, tik, tik, mara kadhaa. Kila pigo halidumu hata sehemu ndogo ya sekunde, nalo halichomi, bali lapasua kama puto ndogo. Katikati ya pazia panafunguka tundu la milimeta 3 au 4, la kutosha nuru kupita. Hapana uchungu wala kidonda cha nje. Kwa dakika chache imekwisha.

Hata hivyo usiondoke mara. Presha ya jicho yaweza kupanda saa zile za kwanza, kwa hiyo keti barazani mpaka upimwe tena. Chukua kofia, maana mboni iliyopanuka haipendi jua la saa sita, na mtu wa kukusindikiza. Utaona madoa yanayoelea kama inzi wadogo; ni vipande vya pazia, navyo hupungua katika siku au wiki chache. Utapewa matone ya siku chache. Kutwanga, kuchota maji, kwenda mtoni, yote waweza kuyarudia upesi, si kama baada ya kisu. Na tundu likiisha kufunguka vizuri, kwa mtu mzima mara nyingi halijifungi tena.

Ni mara chache, lakini hutokea, baada ya leza na hata baada ya operesheni yenyewe, ukuta wa nyuma wa jicho kubanduka. Mtu anaona miali kama ya umeme, madoa meusi mengi kwa ghafula, au giza linaloshuka upande mmoja kama pazia la mlango. Huyo naye asilale nyumbani.

Wengine wote na warudi katika muda wa wiki moja kupimwa presha ya jicho. Leta karatasi ile ya operesheni ya kwanza, kwa maana imeandikwa nguvu ya lenzi yako na tarehe yake. Kama panya wameila, leta hata kipande kilichobaki.